Kobe wa Majini Husafiri Nje ya Maji: Jinsi ya Kumhamisha Bila Kumuumiza

Mara ya kwanza nilipohama na kobe wangu nilimtia kwenye ndoo ya maji. Niliona ndiyo akili: mnyama wa majini, mpe maji. Nikajaza ndoo nusu, nikaifunika kwa kitambaa, nikaisimamisha nyuma ya kiti cha dereva, safari ikaanza. Saa moja na nusu baadaye zulia la gari lilikuwa limelowa chapachapa, maji yaliyosalia yananuka, na kobe mwenyewe kalala chali kwenye uchafu wake, miguu inakwangua hewa, shingo kaipinda akitafuta pa kujisukumia. Ukuta wa ndoo unateleza. Hakuwa na pa kushika.

Alipona, nami nikajifunza jambo ambalo mfugaji yeyote wa siku nyingi angeniambia kwa sentensi moja kama ningeuliza: kobe wa majini husafirishwa akiwa nje ya maji. Ana mapafu, anavuta hewa kama mimi na wewe. Kobe mzima mwenye afya anaweza kukaa nje ya maji siku nzima asipate dhara. Njiani anataka unyevu, joto la wastani, giza, na sakafu isiyoteleza. Maji ndani ya chombo kinachoyumba humgonga ukutani, humpindua, hupoa au kupata moto upesi, na akijisaidia humo (atajisaidia tu, hofu haina subira) huyanywa yale yale. Aliyechoka akipinduka ndani ya maji huzama kama kiumbe mwingine yeyote mwenye mapafu.

Hatua zifuatazo ni za kobe wa maji baridi wanaofugwa kwenye tangi, iwe unahama nyumba au unasafiri naye siku mbili tatu. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, kwa safari fupi ya kwenda na kurudi mwache nyumbani na mtu wa kumwangalia. Kobe hana hamu ya kuona mji.

1. Kabla ya kununua hata boksi, uliza kama anaruhusiwa kwenda

Hili hulifanya watu mwishoni, na ndipo wanapokwama. Kobe anayefugwa kuliko wengi duniani, yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho (Trachemys scripta elegans), kwao ni Marekani na kaskazini mwa Mexico, lakini ameachiwa huru katika nchi nyingi hadi akaingia kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kwa hiyo sheria zimemwandama. Umoja wa Ulaya umemweka kwenye orodha yake ya viumbe vamizi tangu mwaka 2016, na huwezi kumwingiza huko kama kipenzi. Australia hairuhusu mtu binafsi kumfuga. Huko Marekani kwenyewe, tangu 1975 imekatazwa kuuza kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu ya watoto waliokuwa wakiambukizwa salmonela, bakteria wa kuharisha.

Ukivuka mpaka wa nchi, liko pia suala la CITES, mkataba wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kipenzi naye anaweza kuhitaji kibali cha mkataba huo. Baadhi ya kobe wa kawaida kabisa kwenye matangi ya watu wamo: wale wa jenasi Cuora kutoka Asia, kwa mfano, wamo tangu mwaka 2000. Hivyo ujue jina la kisayansi la kobe wako kabla ya kupiga simu. “Ni kobe wa kijani hivi, mdogo” haimsaidii ofisa yeyote.

Kwa ndege, tarajia kwamba chumba cha abiria kitakataliwa. Mashirika mengi huwapokea reptilia kama mzigo hai tu, kwa kufuata kanuni za IATA (umoja wa kimataifa wa mashirika ya ndege) za kusafirisha wanyama hai, ambazo zinataja hadi aina ya kreti. Omba jibu la shirika kwa maandishi, kwa kuwa mtu unayeongea naye kwenye simu siye atakayekuwa kaunta siku ya safari. Wala usimfiche kwenye begi. Mashine ya ukaguzi itamwonyesha mfupa kwa mfupa, na hapo utampoteza yeye na safari yako.

Ikibainika hawezi kwenda, mtafutie mfugaji mwingine au kituo cha kulelea wanyama. Mtoni au kwenye bwawa la bustani asitupwe. Hata ukimwonea huruma.

2. Siku mbili kabla: tumbo tupu na ukaguzi wa afya

Acha kumlisha saa 24 hadi 48 kabla ya kuondoka. Kwa mtoto wa kobe siku moja inatosha. Mmeng’enyo wao ni wa polepole, na kobe aliyeshiba atachafua boksi ndani ya saa ya kwanza kisha atakaa juu ya uchafu huo njia nzima. Maji aendelee kuwa nayo kama kawaida mpaka dakika ya mwisho.

Mwangalie anavyoogelea. Akiwa anainama upande mmoja, anatoa mapovu puani, anapumua kinywa wazi, au macho yamevimba hayafunguki, huyo ni mgonjwa. Aonwe na daktari wa wanyama anayewajua reptilia kwanza. Jike linalopanda nchi kavu mara kwa mara na kukwangua kwa miguu ya nyuma huenda lina mayai, ni heri lisubiri litage. Na aliyeko kwenye usingizi wa msimu wa baridi asiguswe mpaka aamke mwenyewe na mwili upate joto taratibu.

3. Boksi

Hapa ndipo penye kazi.

Tafuta boksi la plastiki lisiloonyesha ndani, lenye kifuniko cha kubana pembeni. Ukubwa wake watu hukosea kwa huruma: wananunua kubwa ili kobe “apate nafasi ya kutembea”. Gari likikata kona au likifunga breki, kobe ndani ya boksi kubwa huteleza kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kama sahani kwenye trei. Aweze kugeuka mwili mzima, basi. Mwenye gamba la sentimita 20 anatoshwa na boksi la sentimita 35 kwa 30. Kimo kikiwa kifupi kuliko urefu wa gamba lake ni bora zaidi, kwani hata akijaribu kuukwea ukuta hapati nafasi ya kuanguka chali. Kwa kobe kulala chali si suala la aibu tu: mapafu yako juu, chini ya gamba la mgongo, na akigeuzwa viungo vingine vyote huyalalia.

Toboa matundu kuanzia ndani kwenda nje, ili kingo kali zibaki upande wa nje. Mimi hutoboa kama ishirini, upana wa penseli, kwenye kuta zote nne karibu na juu. Usitegemee kifuniko peke yake, maana kuna mtu atakayekuja kuweka begi juu yake.

Kisha kitambaa cha kutandika. Wengi hutumia taulo, na taulo kuukuu lililochakaa halina neno. Lile jipya lenye vitanzi vya uzi ndilo la kuogopa, hunasa kucha. Niliwahi kufungua boksi nikakuta kucha ya mguu wa mbele imezungukwa na uzi mara tatu, kidole kimeanza kuvimba, na kobe kila akivuta anakaza zaidi. Niliukata kwa kimkasi cha kucha, mkono unatetemeka. Tangu hapo natumia fulana kuukuu za pamba, mbili au tatu, moja juu ya nyingine.

Ilowe kwa maji ya tangi lake, halafu ikamue hadi isidondoke tone. Kuna njia rahisi ya kujua: inamisha boksi. Maji yakikusanyika kwenye kona, umezidisha. Zungushia fulana nyingine iliyokunjwa kama mto kwenye kuta, apate kitu laini cha kuegemea.

Aina mbili zina mahitaji yao. Watoto wa kobe, walio chini ya sentimita 10, hukauka upesi mno kwa kuwa mwili ni mdogo, hivyo wao watandikie kuvumwani zilizolowa au karatasi laini za tabaka nyingi zilizoloweshwa vizuri, na uwachungulie kila saa mbili tatu. Kobe wa gamba laini naye mgongo wake ni ngozi tu, haina magamba magumu ya kuzuia maji yasipotee. Mwekee kitambaa chenye maji zaidi na umfunike mgongo kwa kingine. Kitu chochote cha kukwaruza kisiwemo.

Kila kobe na boksi lake. Hata wale ambao wamelala jiwe moja miaka mitano wataumana wakibanwa gizani.

Andika juu kwa herufi kubwa MNYAMA HAI, chora mshale wa kuonyesha upande wa juu, na uongeze namba yako ya simu.

4. Kumshika na kumfunga

Mshike kwa mikono miwili, kila mkono upande wake, katikati ya mguu wa mbele na wa nyuma, vidole gumba juu. Atapiga mateke na atakukojolea. Mshikie juu ya kitu cha kimo kifupi, au chuchumaa, ili akiponyoka asianguke mbali. Gamba hupasuka. Kobe mng’ataji, yule mwenye kichwa kikubwa na mkia mrefu, asibebwe kwa mkia kamwe, kwa vile uzito wa mwili huvuta pingili za uti wa mgongo. Mshike nyuma ya gamba, karibu na miguu ya nyuma, ukijua kwamba shingo yake ni ndefu kuliko unavyodhani.

Mtoe tangini mwisho kabisa, mizigo yote isipokuwa tangi na vifaa vyake ikiwa tayari imepakiwa. Nimeona watu wakimfunga kobe asubuhi kisha wanashinda wakipanga makochi. Akishaingia, funga kifuniko na uzungushie mkanda au utepe wa gundi. Kobe ana nguvu na ana wakati wa kutosha. Kifuniko kilicholegea atakiinua.

5. Njiani, joto kwanza

Kwa wengi wao nyuzi 21 hadi 27 za selisiasi ni salama wakiwa safarini. Weka kipimajoto kidogo ndani ya boksi, kile chenye waya na kioo kinachobaki nje, usilazimike kufungua kila mara.

Gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 50, na kobe hana jasho la kujipoza wala maji ya kukimbilia. Kwa hiyo ukisimama kula, mtu mmoja abaki naye, au boksi mshuke nalo. Buti la gari hapana: hewa ni haba, joto halionekani, na moshi unaweza kuingia. Mahali pazuri ni kwenye kiti cha nyuma, boksi limefungwa kwa mkanda, au sakafuni nyuma ya kiti cha mbele. Kabla ya kuchagua sakafu, weka kiganja chako pale baada ya gari kutembea nusu saa. Magari mengine sakafu hupata moto. Tundu la kiyoyozi lisimpulize moja kwa moja.

Siku ya joto kali, lichukue boksi la kobe na kulitia ndani ya boksi kubwa la kuhifadhia ubaridi, pembeni uweke chupa ya maji yaliyoganda iliyoviringishwa kitambaa, kifuniko cha nje kikiwa wazi kidogo ili hewa ipite. Siku ya baridi fanya hivyo hivyo kwa chupa ya maji ya vuguvugu. Chupa ikae nje ya boksi la kobe sikuzote. Yeye mwenyewe hatambui upesi kwamba anaungua, na ataikumbatia.

Usimfungulie kila dakika ishirini kumtazama. Ndani ya giza hutulia, na mwanga ukiingia huanza upya kukwangua. Muziki wa sauti kubwa karibu na boksi nao humsumbua, kwa sababu mtikisiko wake hupita kwenye plastiki hadi kwenye gamba.

Safari ikiwa ya saa nane au kumi, kobe mzima haihitaji chochote zaidi ya kitambaa kuwa na unyevu. Ikizidi hapo, mpe mapumziko ya maji: beseni pana, maji ya joto sawa na la tangi lake, kina kisichofika kidevuni, dakika ishirini hadi thelathini. Atakunywa, atajisaidia. Mkaushe kidogo, badilisha fulana, mrudishe. Beba maji hayo kwenye dumu kutoka nyumbani, usitegemee bomba la njiani usilolijua. Yaliyotumika yamwage chooni.

Mkilala njiani, usiku alale kwenye boksi au beseni kavu lenye kitambaa kibichi, baada ya kuogeshwa hivyo. Kumwacha usiku kucha kwenye maji ya kina, mahali pageni, bila jiwe la kupandia, ni kumtafutia balaa.

6. Tangi na vifaa

Tangi lisihamishwe likiwa na maji, hata robo. Lita moja ni kilo moja, hivyo robo tu ya tangi la lita 200 ni kilo 50 zinazohamahama ndani, na gundi ya silikoni kwenye pembe haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Toa maji yote, mawe yote, mchanga wote. Libebwe na watu wawili, mikono ikiwa chini ya kitako chake, si kwenye kingo za juu.

Zima hita nusu saa kabla ya kupunguza maji. Hita yenye moto ikikutana na hewa hupasuka. Taa ya UVB (ile ya kumpa miale kama ya jua) iviringishe ndani ya nguo zako na isikae katoni moja na mawe.

Chujio ndilo linalosahauliwa, na ndilo litakalokusumbua wiki mbili baadaye. Bakteria wanaobadilisha amonia, ile sumu ya kinyesi, wamejishikiza kwenye sponji na vipande vya kauri vya ndani, si kwenye maji. Kwa hiyo kusafirisha madumu ya maji ya zamani hakusaidii sana, ila sponji ile chafu ni mali. Itie kwenye ndoo yenye maji kidogo ya tangi, ndoo isifungwe kabisa, nao watavumilia saa kadhaa. Usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, yatawaua. Ikikaa zaidi ya siku moja hesabu kwamba wengi wamekufa, na utakuwa unabadilisha maji mara nyingi zaidi wiki za mwanzo.

Vifaa hivi vipakiwe mwisho, vishushwe kwanza.

7. Mkifika

Kobe abaki kwenye boksi, mahali penye kivuli na utulivu, wakati unasimamisha tangi. Jaza, weka dawa ya kuondoa klorini, washa chujio, na mara hita imefunikwa na maji iwashe nayo. Kuacha maji wazi saa 24 huondoa klorini ya kawaida lakini haiondoi kloramini, ambayo baadhi ya mamlaka za maji hutumia, ndiyo maana naitaja dawa. Kobe mwenyewe huvumilia klorini kuliko samaki. Unayemlinda ni yule bakteria wa kwenye sponji.

Joto likishafika lile alilozoea, mweke juu ya jukwaa la kuotea, usimtumbukize. Ataingia mwenyewe. Kama ametoka kwenye safari ndefu au anaonekana kalegea, mwanzishe kwenye beseni la maji ya kina kifupi kwa saa moja, umwone anaogelea sawasawa ndipo umpeleke kwenye kina.

Chakula mpaka kesho yake, kiasi kidogo. Wangu, safari ya pili (ile ya boksi), alikaa siku nne nyuma ya chujio bila kugusa kitu, siku ya tano akatoka akaomba kana kwamba hakuna lililotokea. Kobe mzima aliyenenepa vizuri anaweza kugoma hata wiki. Pima amonia kila siku mbili, maji yakichafuka badilisha robo.

Wewe nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa yeye au kitambaa chake, na beseni lake lisioshewe kwenye sinki la jikoni. Kobe hubeba salmonela bila kuonyesha ugonjwa wowote. Watoto chini ya miaka 5, wazee na wajawazito wasihusike na usafi wa boksi.

Boksi lenyewe lioshe, likaushe, ulihifadhi pamoja na zile fulana. Endapo ndani ya wiki mbili utamwona anaelea upande upande, anatoa mapovu puani au ananyoosha shingo akihema kinywa wazi, baridi ya njiani imemfikia mapafuni. Hapo utalihitaji tena siku hiyo hiyo, kumpeleka kwa daktari.